Maswali ya Wasomaji: Kipima Antena cha Bei Nafuu

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina dipole (antena ya waya yenye pande mbili sawa) ya mita 20.8 kwa ajili ya redio yangu ya megahezi 7.1, nimeifunga kwenye minazi hapa Raskazone, na kebo yake ni mita 20 za RG-58, ile nyembamba ya omu 50. Mita ya sindano ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) inasoma 2.5, sijui nikate waya au niongeze. Nina laki tatu. Ninunue NanoVNA, kile kipima antena kidogo cha bei nafuu, au nidunduize nipate kipima cha RigExpert? — Msomaji, Tanga

JIBU: Nzuri, ndugu yetu. Chukua NanoVNA. RigExpert ni imara zaidi na husomeka vizuri juani, lakini bei yake ni mara kadhaa, na kwa megahezi 7 hutaona tofauti ya maana. Ukiweza, chagua NanoVNA ya aina ya H4 yenye kioo cha inchi 4; kioo kidogo cha aina ya H kinachosha macho.

Mita ya sindano haikuambii kosa liko upande gani. NanoVNA inachora mstari wa SWR, nawe unaona bonde, yaani pale SWR iliposhuka kabisa, limeangukia megahezi ngapi. Tuseme limeangukia 6.8: waya ni mrefu. Zidisha 20.8 kwa 6.8, gawanya kwa 7.1, unapata mita 19.92. Yaani punguza sentimita 44 kila upande. Ila usikate kwanza. Kunja ncha, uisokote juu ya waya wenyewe, kisha pima tena.

Wengi hukwama kwenye maandalizi. Kwa kawaida kifaa hupima nukta 101 tu katika masafa uliyoyaweka. Ukikiacha kwenye kilohezi 50 hadi megahezi 900, kinaruka megahezi 9 kwa hatua moja, na bendi yako yote inarukwa! Weka START megahezi 6 na STOP megahezi 8 ili kila hatua iwe kilohezi 20. Ndipo ukisawazishe kwa vizibo vinavyokuja nacho: OPEN, SHORT, kisha LOAD cha omu 50, halafu hifadhi. Ukibadilisha masafa, rudia. Nunua pia kipande kifupi cha waya wa SMA (plagi ndogo ya kifaa) kwenda SO-239 (soketi kubwa ya kebo ya redio), maana uzito wa kebo huvunja soketi ya kifaa.

Kabla ya kuunganisha, gusanisha waya wa kati wa kebo na wavu wake wa nje ili umeme tuli uliojikusanya kwenye antena uishe. Na redio isirushe kamwe kuelekea kwenye kifaa hiki. Utakiunguza papo hapo.

Hapo pwani, kagua kebo kabla hata ya kugusa dipole. Chumvi ikiingia kwenye wavu, kebo hula nguvu, na SWR huonekana nzuri kumbe ni ya uongo. Ifungue upande wa antena, ncha ibaki wazi, upime upande wa redio. RG-58 nzima ya mita 20 itasoma SWR ya karibu 10 au zaidi kwenye megahezi 7. Ikisoma 3, nusu ya nguvu inaishia njiani: badilisha kebo, na kiungo kipya cha juu kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe.