Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kupachika kwa Boti Ndogo

SWALI: Nina boti ya mpira ya kujaza upepo, urefu mita 2.7. Inatutoa kwenye chombo chetu kikubwa kilichotia nanga na kutufikisha nchi kavu, watu wazima wawili na mizigo kidogo. Kibao cha mtengenezaji kinasema mwisho nguvu farasi 6. Muuzaji anasema nichukue mashine ya farasi 4, eti ndiyo ya katikati. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize kabla hujaangalia mzani. Watengenezaji wengi huunda mashine za farasi 4, 5 na 6 kwa bloku ileile: silinda moja, uzito wa kilo 24 hadi 27. Zinatofautiana kwenye kabureta na njia ya hewa tu. Ukinunua ya 4 unabeba uzito wa 6 na nguvu huipati. Kwa hiyo uchague kati ya 2.5, yenye kilo 13 hadi 18 kutegemea aina, na 6.

Kasi nayo ina hesabu yake. Boti inayokata maji bila kupanda juu yake ina kikomo kinachotokana na urefu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu inayogusa maji, kwa mita, kisha zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Urefu wa mita 2.5 unatoa kama 7. Maji yakiwa shwari, mashine ya 2.5 inakufikisha karibu na hapo. Kupita hapo lazima boti ipande iteleze juu ya maji, na kwa hilo kadiria farasi 1 kwa kila kilo 25 za uzito wote. Boti kilo 30, watu wawili 150, mashine 25, petroli na mizigo 20: jumla 225, yaani farasi 9. Ukiwa peke yako ya 6 itakupandisha. Mkiwa wawili itainua omo (mbele ya boti), ivuruge maji nyuma na kunywa petroli, na kasi isiongezeke kwa kiasi cha maana.

Ushauri wetu: kama safari haifiki kilomita moja na eneo lina kinga, nunua ya 2.5. Mashine ya boti kama yako hupandishwa na kushushwa kila mara, boti ikiyumba, mkono mmoja umeshika ngazi. Hapo ndipo kilo 10 za ziada zinapoumiza mgongo au kuidondosha mashine majini. Inyanyue dukani kwa mkono mmoja kabla hujatoa pesa, na ukiiweka chini kwa kishindo, hiyo si yako. Ya 6 ichukue ikiwa mara nyingi unarudi dhidi ya mkondo au upepo mkali wa mbele, maana huko nguvu ya akiba ni usalama.

Mashine za 2.5 kwa kawaida hazina gia ya nyuma. Unaigeuza mashine nzima kwenye mhimili wake, na hilo lijaribu kwanza ukiwa mbali na vyombo vya watu. Honda ya 2.3 hupozwa kwa hewa na haina nyutro ya kushika kwa mkono: klachi yake hushika yenyewe ukiongeza moto. Haina impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupozea) ya kubadilisha, lakini kelele zake ni kubwa zaidi. Tangi la ndani la mashine hizi huchukua kama lita 1, na ukienda moto wote utaimaliza kwa takriban saa moja. Beba galoni ndogo na faneli, na makasia yasitoke botini.

SWALI: Shafti fupi au ndefu? Kila fundi ninayemuuliza ana jibu lake.

JIBU: Futi ya kupimia itakujibu vizuri zaidi. Pima ubao wa nyuma katikati, wima, kutoka ukingo wa juu mashine inaponing'inia hadi chini kabisa ya boti. Ukipata kati ya sentimita 38 na 43, chukua fupi. Ukipata kati ya 51 na 56, chukua ndefu. Boti nyingi za mpira zinahitaji fupi.

Baada ya kuipachika, tazama lile bamba la ulalo lililo juu ya propela. Liwe sawa na chini ya boti, au lizame sentimita 2 hadi 3 zaidi. Likikaa juu, propela hufyonza hewa: mashine inalia kwa kasi, boti haiendi, na abiria akisogea mbele hali inazidi. Mguu, yaani sehemu ya mashine inayoshuka majini, ukizama mno unakokota maji, unarusha manyunyu ndani na kugonga chini kwenye maji mafupi. Kaza zile skurubu mbili za kubana kwa mkono, kaza tena baada ya dakika 10 za kwanza za safari, na funga kamba ya usalama kutoka mashine hadi pete ya boti.

SWALI: Nimepata mashine ya mapigo mawili iliyotumika, farasi 3.5. Nikague nini?

JIBU: Gusa kichwa chake kabla mashine haijawashwa. Kikiwa na joto, mwenyewe ameshaipasha, na huenda ubishi wake wa asubuhi unafichwa. Omba muda ipoe.

Chomoa kamba ya kuzimia, uvute kamba ya kuwashia polepole. Unatakiwa usikie mgandamizo ukikataa, ukiachia, ukikataa tena. Ikija laini mwanzo hadi mwisho, ringi za pistoni zimekwisha. Kisha iwashwe ndani ya pipa, maji yakipita juu ya bamba. Asiiwashe bila maji hata kwa sekunde chache, kwa sababu impela ya mpira hupozwa na maji yaleyale inayosukuma. Mchirizi wa maji pembeni uanze mapema na utoke kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, chokoa tundu kwa uzi mnene wa mshipi: chumvi ikitoka na mchirizi ukarudi, tatizo lilikuwa dogo. Usiporudi, hesabu impela mpya, na pengine chumvi ndani ya mifereji ya kupozea.

Mwisho, legeza skurubu ya chini ya gia, tone moja lidondoke. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, yaani sili imechanika. Vipande vya chuma ni sababu ya kuondoka.

Petroli ya mashine hizi huchanganywa na oili ya TC-W3 (daraja la oili ya mashine za boti za mapigo mawili), si ile ya pikipiki. Kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita. Mashine nyingine hutaka uwiano tofauti, basi fuata kitabu chake. Nunua pia pini za propela: pini imeundwa ikatike unapogonga mwamba ili gia ipone. Usiweke msumari mahali pake.

SWALI: Mashine yangu ya mapigo manne ililala kwenye gari. Sasa kamba ya kuwashia imegoma kabisa.

JIBU: Usiilazimishe, utapinda konrodi. Ililazwa upande usiofaa, na oili imeingia kwenye silinda. Isimamishe kwa saa moja. Toa plagi, chomoa kamba ya kuzimia, funika tundu kwa kitambaa, vuta taratibu mara tano au sita mpaka oili iache kuruka. Safisha plagi, kagua kiwango cha oili, kisha washa. Moshi wa dakika chache ni wa kawaida. Ukiendelea, safisha kabureta na njia ya hewa. Siku nyingine ilaze upande ulioandikwa kwenye mashine, kichwa kikiwa juu kuliko mguu.

SWALI: Inawaka vizuri, baada ya dakika tano inazima. Nikisubiri, inawaka tena.

JIBU: Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likifungwa, petroli haishuki. Kama lilikuwa wazi, jeti ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) ina uchafu wa petroli iliyokaa. Mwaga bakuli la kabureta kwa skurubu ya chini, safisha jeti, na ukijua mashine itapumzika wiki kadhaa, funga koki ya petroli ikiwa bado inawaka, uiache ijizime yenyewe majini.