Mkandarasi yupi abadilishe mtambo wa hewa nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtambo wetu wa kupoza na kupasha joto nyumba umechakaa. Wakandarasi watatu wametupa bei zinazotofautiana mno, na mmoja anatupunguzia iwapo tutatia saini leo hii. Tumchague nani?
Msomaji, Houston, Texas

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulinganisha bei, jiulizeni ni nani kati yao aliyepima nyumba yenu. Mkandarasi makini hukokotoa mahitaji ya joto na ubaridi kwa kuangalia ukubwa wa vyumba, madirisha, dari na mifereji ya hewa, ilhali mzembe husoma kibandiko cha mtambo wa zamani na kuagiza ukubwa uleule, au kuongeza tani moja ya uwezo wa kupoza (yaani BTU 12,000 kwa saa; BTU ni kipimo cha joto) "kwa usalama". Katika mji wenye unyevu kama Houston, nyongeza hiyo ni hasara, kwa sababu mtambo mkubwa kupita kiasi hupoza haraka na kuzima kabla haujaondoa unyevu, nanyi mkabaki na nyumba baridi yenye ukungu.

Leseni ya mkandarasi mnayemfikiria ihakikini kwenye tovuti ya idara ya leseni ya Texas, TDLR. Mkataba utaje modeli ya kila kifaa, dhamana ya vipuri na ya kazi, na nani atachukua kibali cha jiji.

Huyo anayedai saini leo, mimi ningemwacha aende zake.