Muulize Shangazi: Wiki moja na watoto yatima ng'ambo

SWALI: Shangazi, shikamoo. Natarajia kusafiri nje ya nchi, na wakala wa safari ameniwekea kwenye ratiba wiki nzima ya kujitolea katika kituo cha watoto yatima. Nitacheza nao, nitawafundisha nyimbo na Kiingereza kidogo, na nimeshaanza kukusanya nguo na pipi. Sasa rafiki yangu ananiambia nisiende, eti nitawaumiza. Mtoto anaumizwaje na mtu aliyekwenda kumpenda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakosea. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa mlezi kwenye kituo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Gari la wageni likisimama getini, wadogo ndio wa kwanza kutoka mbio. Mgeni hajakaa vizuri, mmoja keshampanda mapajani, mwingine anamchezea nywele, wa tatu anamwita mama. Mgeni machozi yanamtoka, anasema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Sisi walezi tunatazamana tu. Mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na mama yake akimwona mtu asiyemjua hujificha nyuma ya nguo ya mama. Anayemrukia kila apitaye ni mtoto ambaye watu wake wamekuwa wakibadilika badilika hadi ameacha kuchagua. Wiki ikiisha, wewe unapanda ndege na sisi tunabaki na kitanda kilicholowa na mtoto anayegoma kula. Jumatatu linafika kundi jingine.

Na hayo masomo? Kuna binti mmoja daftari lake la Kiingereza nilikuwa nikilifunika kwa gazeti lisichanike. Ndani, kila baada ya kurasa chache, somo linaanza upya: moja mpaka kumi, rangi, siku za wiki, kila mara kwa mwandiko wa mgeni mwingine. Aliweza kuhesabu mpaka kumi kwa lafudhi za mabara matatu. Kumi na moja hakuna aliyewahi kumfikisha.

Lakini kubwa zaidi ni pesa, na hili wakala wako hatakwambia. Kambodia, kati ya 2005 na 2010, vituo vya kulelea watoto viliongezeka kwa asilimia 75 hadi kufikia 269, ilhali takriban watatu kati ya kila watoto wanne waliokuwamo walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Nepal nayo, vituo vingi vimerundikana katika wilaya tano: Kathmandu, Lalitpur, Bhaktapur, Kaski na Chitwan. Zitazame kwenye ramani uone watalii wanakopita. Mtu anakwenda kijijini, anawaahidi wazazi maskini kwamba mtoto atasoma na atakula vizuri, anaondoka naye. Mbele ya wageni mtoto huyo anatambulishwa kuwa hana baba wala mama. Akirudishwa kwao, mwenye kituo amepoteza kipato, basi harudishwi. Ndiyo maana mwaka 2017 kamati ya bunge la Australia iliyochunguza utumwa wa kisasa iliiingiza biashara hii humo, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio linalozitaka nchi kushughulikia madhara ya utalii wa kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Utaniambia, si bora hapo kuliko umaskini wa nyumbani? Kuanzia mwaka 2000, mjini Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni tangu uchanga. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi. Hao waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Na vituo vile walezi walikuwapo, chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kudumu.

Kwa hiyo mpigie wakala leo, mwambie aiondoe wiki hiyo. Akikubembeleza, muulize mambo mawili: mwaka jana watoto wangapi walirudishwa kwa ndugu zao, na mbona hajakudai cheti cha polisi kuonyesha huna rekodi ya uhalifu? Mlango uliofunguka kwako kwa malipo tu unafunguka vilevile kwa mtu mwenye nia chafu na watoto. Pesa ya wiki hiyo wape wanaolipia ada au matibabu ya mzazi ili mtoto asitolewe nyumbani kabisa. Kama una taaluma, tuseme wewe ni muuguzi au unawafundisha wenye ulemavu kutembea, jitolee kuwafundisha walezi. Hao watakuwapo mwezi ujao. Pipi kula mwenyewe.

SWALI: Shangazi, mimi nilishakwenda na nimesharudi. Kuna kijana wa miaka tisa nilimwahidi nitarudi kumwona, na picha yetu ndiyo picha yangu ya simu. Sina uwezo wa kurudi. Nifanyeje, ninyamaze tu?

JIBU: Usinyamaze. Mtoto aliyeahidiwa huhesabu, na akichoka kuhesabu hujilaumu mwenyewe. Niliwahi kumkuta mmoja amekaa kibarazani na viatu vyake vya sikukuu, siku ya kawaida kabisa, kwa sababu mgeni alisema "nitakuja mvua zikiisha" na mvua zilikuwa zimeisha. Andika barua fupi, uipitishe kwa mlezi wake anayemjua, si kwa mkurugenzi anayepokea michango. Sema wazi kwamba hutarudi, na kwamba si kwa kosa lake. Taja kitu kimoja mlichofanya pamoja, ajue unamkumbuka yeye na si "watoto wa kule". Usiongeze "labda siku moja". Zawadi usitume, ataisubiri ya pili. Mwombe mlezi amsomee wakiwa wawili, siyo mbele ya wenzake.

Ile picha baki nayo ikiwa lazima, ila isikae mtandaoni. Kama ulishaiweka huko pamoja na jina lake au la kituo, ifute kabla hujaanza kuandika barua.