Dopu (rangi ya kuziba kitambaa) ipi inatangulia kwenye kitambaa cha ndege ya mfano?

Kati ya aina hizi mbili za dopu, naitreti kwanza, butireti juu yake. Usigeuze. Naitreti inashika kitambaa cha poliesta vizuri zaidi, lakini mafuta yenye methanoli yanayoendesha injini huilainisha. Butireti ndiyo inayoyahimili. Ukipaka naitreti juu ya butireti, haishiki, itabanduka. Nimefanya hivyo mwenyewe kwenye ndege ya mfano ya Piper Cub, robo ya ukubwa wa ndege halisi (mabawa kama mita 2.7 ncha hadi ncha), nikakwangua wiki nzima, acha tu.

Ila mkiani paka kwa mkono mwepesi: pua ni fupi, kwa hiyo kila gramu ya rangi kule nyuma itakudai gramu kadhaa za risasi (metali nzito) mbele ili ndege isawazike. Na naitreti inashika moto upesi mno, fungua madirisha.