Barua kwa mwanangu kuhusu kasuku wa sokoni

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama kuna ubaya kumnunua yule kasuku wa kijivu uliyemwona sokoni huko Dar es Salaam, ilhali nia yako ni kumwokoa kutoka kwenye kizimba kichafu na kumlea vizuri. Jibu langu ni kwamba usimnunue.

Sikukatazi kwa sababu kufuga ndege ni haramu. Unakumbuka kisa ulichofundishwa chuoni cha mtoto Abu Umayr, ambaye Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa upole habari za kindege chake, na pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ruhusa ipo, ila imefungamana na haki ya kiumbe mwenyewe, na haki ya kasuku haiishii kwenye mbegu na maji safi.

Bila shaka humsahau kasuku wa jirani yetu wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akiiga kikohozi cha mwenye nyumba hadi wageni wakacheka. Hakunyimwa chakula, na kizimba chake kilioshwa kila asubuhi. Hata hivyo kifua chake kilikuwa kitupu kama cha kuku aliyenyonyolewa, huku kichwani manyoya yamejaa, kwa kuwa hapo tu ndipo mdomo wake haukufika. Maradhi nayo huweza kumfanya ndege ajinyonyoe, lakini upweke ni sababu kubwa. Kasuku wa kijivu ni ndege wa kundi, ambao jioni hukusanyika kwa wingi kulala kwenye miti mirefu, na sauti ndiyo inayomuunganisha na wenzake; akiwakosa hao, huwaiga watu alio nao. Wewe unaishi peke yako na una zamu za usiku hospitalini, naye akitunzwa anaweza kuishi miaka 40 hadi 60.

Nije sasa kwenye hilo la kumwokoa, ambalo ndilo zito. Wategaji humfunga kasuku mmoja juu ya mti awaite wenzake, matawi yakiwa yamepakwa ulimbo, au hupanda na kutoa makinda ndani ya tundu la mti, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Huko Ghana kasuku hawa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 1992, na hapa kwetu makao yao ni misitu ya kaskazini-magharibi, kama ule wa Minziro mkoani Kagera. Muuzaji hatajali kwamba ulitoa fedha kwa huruma. Ataona kizimba kimebaki kitupu na wateja wapo, naye ataagiza mwingine, na huyo mwingine kwa sasa yuko msituni na wenzake.

Mwaka 2016, mataifa ya CITES, yaani mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, yalipokutana Johannesburg, yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, nasi tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kwa hiyo usigombane na yule muuzaji. Nenda ofisi ya wanyamapori, ueleze ulichokiona na mahali ulipokiona, uwaachie wao wachunguze kama ana kibali. Wala usishawishike kumchukua na kumfungulia mlango aruke, kwa maana kinda aliyelelewa mkononi hajui kujitafutia, na Dar es Salaam si msitu wake.

Ikitokea siku moja mzee fulani akaacha kasuku aliyezaliwa kizimbani, anayemilikiwa kihalali na asiye na wa kumtunza, nawe wakati huo una nyumba yenye watu mchana kutwa, niandikie tena, kwa sababu hapo nitakujibu vingine.

Wasalaam,
Mama yako