Malaika, Jambo Bwana na jina lililo mabanoni: maswali yenu

Tangu niandike kidogo kuhusu zilipendwa zinazoimbwa upya, simu haijatulia. Nusu ya maswali yanahusu Malaika, na nusu ya hayo ni swali lile lile. Nimeyafunga pamoja. Wanaotaka niwatumie nyimbo kwa simu wasahau, hii si duka la kaseti.

Malaika si ni wimbo wa Miriam Makeba? (Dodoma, na wengine wengi mno)

Si wake. Mwimbaji huyo wa Afrika Kusini aliuimba, akaupeleka mbali, basi.

Sasa nani hasa aliutunga? Wakenya wanasema ni wa kwao, sisi tunasema ni wa kwetu. (Arusha)

Tuanze na lisilo na ubishi. Rekodi ya kwanza ya Malaika inayojulikana ni ya Fadhili William Mdawida, Mtaita wa Kenya, akiwa na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye aliurekodi tena na kundi jingine. Jina lake ndilo lililozoeleka kuandikwa kama mtunzi, na ndilo lililolipiwa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi. Alifariki Februari 2001.

Ubishi uko kwenye utunzi. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika, alidai aliutunga kati ya 1945 na 1946 akiishi Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wazee hawakuwakubalia, binti akaozwa kwa mtu mwenye fedha. Ukishaisikia hadithi hiyo, ule ubeti wa pesa kusumbua roho unakuingia vingine kabisa. Lakini hadithi kulingana na wimbo si ushahidi. Vijana waliokosa mahari Nairobi mwaka 1945 walikuwa wengi kuliko magitaa, na kila mmoja angeweza kusema wimbo ni wake. Wapo pia wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa.

Mimi naamini maneno yalikuwa yakizunguka midomoni mwa watu kabla ya Fadhili kuingia studio, na kwamba umbo tunaloliimba leo, pale sauti inapopanda na pale inapoachwa itue, tumelipata kwake. Hayo ni maoni yangu, mtu asiyapeleke mahakamani. Na nyinyi mnaonitumia bendera za nchi zenu, punguzeni. Huyo wa Tanganyika anasema aliutungia Nairobi, na nchi zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza mmoja. Timu ya taifa ya Malaika haipo.

Kinachonikera ni kwamba tunabishana utaifa na kuliacha jambo lenye pesa. Chukua santuri yoyote ya zamani uitazame karatasi ya katikati. Juu kuna nembo ya kampuni, kisha jina la wimbo kwa herufi nene, na jina la mwimbaji. Katikati ya hayo, ndani ya mabano, kwa herufi za kuumiza macho, kuna jina lingine. Hilo la mabanoni ndilo linalokula. Wimbo ukipigwa redioni Stockholm au ukirekodiwa upya na Mjerumani, pesa ya utunzi inamtafuta aliye mabanoni. Waliokosa kuandikwa hapo wamebaki kusimulia wajukuu.

Kopi ipi ya Malaika ni bora kuliko zote? (Morogoro)

Ya Fadhili mwenyewe, kama tutakubaliana kuiita kopi. Sikiliza asivyoharakisha. Gitaa linatembea taratibu, sauti yake haibembelezi wala hailii. Kijana anatoa taarifa tu: nakupenda, mali sina, nifanyeje. Huzuni iko kwenye kule kutolia kwake, na ndicho kitu ambacho karibu kila aliyemfuata amekikosa.

Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye santuri yao ya pamoja ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Ni kazi safi. Kiswahili hakikuwa lugha yake, na masikio ya pwani yanalitambua hilo mara moja, ila sauti ile inasamehewa mengi. Tatizo ni kwamba ndiyo kopi ambayo dunia iliisikia kwanza, kwa hiyo waliokopi baadaye wengi walimkopi yeye, na kila mmoja akaongeza makosa yake juu. Ndiyo maana unasikia Mzungu anaimba silabi ambazo hazimo katika Kiswahili cha mtu yeyote, kuanzia Lamu hadi Lubumbashi.

Boney M., kundi la disko la Ujerumani, waliutoa mwaka 1981. Wameupaka sukari mpaka umaskini wa yule kijana umepotea. Unavyousikia, mahari ameshalipa na amebakiza. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Yeye ana kosa la kinyume: sauti yake ni kubwa kuliko shida inayosimuliwa. Hata hivyo, kati ya waliokuja baadaye, yeye ndiye ninayemrudia.

Bendi za mahotelini siziweki kwenye mashindano. Wanaimba ubeti wa kwanza mara tatu, ubeti wa kidege wanauruka, kisha wanaunganisha na Jambo Bwana kabla hata wimbo haujakwisha.

Mbona Makeba na Kidjo ni wanawake lakini wanaimba kama mwanamume anayetaka kuoa? (Zanzibar)

Swali hili kutoka Zanzibar? Siti binti Saad, malkia wenu wa taarab, aliimba mashairi yaliyotungwa na wanaume, na hakuna aliyemuuliza.

Ni kweli ABBA waliimba Malaika? Rafiki yangu ameapa. (Nakuru)

Rafiki yako kakaribia. Waliouimba ni Hep Stars, kundi la Sweden, mwaka 1967, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa mmoja wa ABBA. Kwao wimbo ulivuma sana. Hebu fikiria: wimbo wa kijana wa Nairobi asiye na mahari, unachezwa na vijana wa Kiswidi kwenye baridi, miaka michache tu baada ya kurekodiwa.

Mzee, Jambo Bwana ni wa Boney M. au ni wa Mombasa? (Tanga)

Mwanangu, uko Tanga, Mombasa ni pale tu, na bado unaniuliza?

Wimbo ni wa Them Mushrooms, utunzi wa kiongozi wao Teddy Kalanda Harrison, na ulitoka mwaka 1982. Walikuwa bendi ya pwani iliyopigia watalii mahotelini, na ndiko ulikozaliwa: salamu na adabu za kwanza anazohitaji mgeni, zimepangwa juu ya mdundo ambao hata aliyeshuka kwenye ndege asubuhi anaweza kuufuata jioni. Watu wanaudharau kwa sababu ni mwepesi. Wajaribu basi kutunga kitu chepesi hivyo kikadumu miaka zaidi ya 40. Uliuza nakala zaidi ya 200,000 ndani ya miaka michache. Boney M. walikuja na chao, Jambo, Hakuna Matata, mwaka 1983, huku wa Mombasa ukiwa tayari mitaani.

Na kwa kuwa mmenichokoza, ongezeni na huu: Helule Helule. Ni wa Daudi Kabaka, Mkenya. Mwaka 1968 kundi la Tremeloes la Uingereza liliuimba ukaingia kwenye chati za kwao. Waulizeni vijana wenu wanaojua chati zote za dunia kama wamewahi kumsikia Kabaka.

Ni kweli Disney wameyanunua maneno “hakuna matata” na tukiyatumia tutashtakiwa? (maswali sita, sehemu mbalimbali)

Hapana. Kampuni hiyo ya filamu ilisajili maneno hayo kuwa alama ya biashara kwa ajili ya nguo, huko Marekani. Hawajanunua lugha. Mwaka 2018 watu walitia saini kwa hasira ombi la kupinga usajili huo mtandaoni, nami hasira zao nazielewa, lakini unaweza kuendelea kuwaambia wageni hakuna matata. Msiniulize tena.

Tunapiga kopi kwenye hoteli ya kitalii Diani. Meneja anasema Malaika ni wimbo wa zamani na mtunzi ameshafariki, kwa hiyo ni bure. Na tukitaka kuurekodi je? (Kwale)

Meneja wako anatafuta nafuu yake. Mtunzi kufa hakumalizi hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya, na ya Tanzania pia, utunzi wa muziki unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ukimchukua Fadhili kuwa mtunzi, Malaika una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051. Ukimchukua mtu mwingine, hesabu inabadilika kwa kufuata kifo cha huyo. Ndiyo maana swali la nani alitunga si la kupotezea muda barazani tu.

Kuupiga jukwaani: leseni ya muziki kuchezwa mahali pa biashara ni mzigo wa mwenye hoteli, si wako wewe mwenye gitaa la besi. Nchini Kenya inakusanywa na vyama vilivyopewa leseni na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Mwombe meneja akuonyeshe leseni ya mwaka huu. Akianza kukohoa, umeshajua.

Kurekodi ni habari nyingine. Kuna haki mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya ile rekodi yenyewe. Mkiingia studio na vyombo vyenu mkaimba kwa sauti zenu, rekodi ya Fadhili hamjaigusa, lakini utunzi mmeugusa, na unatakiwa kuombewa ruhusa na kulipiwa. Mkikata kipande cha sauti yake mkakibandika kwenye mdundo wenu, mmegusa zote mbili. Mkitafsiri maneno au kubadilisha beti, hiyo pia inataka ruhusa. Na kuandika “hatumiliki haki za wimbo huu” chini ya video hakukuokoi na chochote. Ni kama mwizi kuacha barua ya kusema ng'ombe si wake.

Nawaonya pia na jambo ambalo hamkuuliza. Nyinyi mnaopiga kopi mwaka mzima, siku mtakapotunga wa kwenu mtausikia hoteli ya jirani, unapigwa na wenzenu, na meneja wa kule atasema haya haya ya meneja wenu.

Umewahi kusema wimbo wa simba wa Disney uliibwa. Uliibwaje? (Mwanza)

Sikusema Disney waliuiba. Soma vizuri, ndugu yangu.

Nilisema hivi. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, na waimbaji wake wa Evening Birds walirekodi Mbube katika studio ya Gallo, Johannesburg. Linda akauza haki kwa shilingi kumi. Santuri ikavuka bahari ikamfikia Pete Seeger wa Marekani, ambaye aliandika alichosikia: “wimoweh”. Alichokuwa anaimba Linda ni “uyimbube”, wewe ni simba. Kundi la Weavers likauimba hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1961 The Tokens wakautoa kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukiitwa The Lion Sleeps Tonight, na ukashika namba moja Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata, 1962, akiwa maskini. Mwaka 1994 ukaingia kwenye ile filamu ya simba ya Disney mnayoijua, The Lion King.

Kilichowasaidia binti zake ni sheria ya zamani ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotumika hadi makoloni. Ilisema haki aliyoiuza mtunzi akiwa hai inarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda hiyo ni 1987. Kwa hoja hiyo Disney walishtakiwa mwaka 2004, na mwaka 2006 familia ikafikia makubaliano ya kulipwa na kampuni iliyoshika haki za wimbo. Wanasheria wa Afrika Kusini waliisoma sheria ya mkoloni mpaka wakaona mlango. Sisi huku tuna nyimbo ngapi za miaka hiyo, na nani amewahi kuwatafuta warithi wa watunzi wake? Kila mwaka tunawaita wazee jukwaani, tunawavisha shuka begani, tunapiga picha, halafu wanarudi nyumbani kwa nauli ya kuchangiwa.

Malaika ni taarab? (Bukoba)

La.

Naomba kujua, gitaa la kwanza la Malaika liko kwenye ufunguo gani? (Eldoret)

Nenda na gitaa lako, uusikilize, utafute. Fadhili naye alitafuta.

Nimetunga wimbo wangu wa kwanza. Prodyuza anataka tuandikwe watunzi wote wawili, na anasema mengine tutaongea ukishahiti. Nifanyeje, anko? (Mbagala)

Kama amekupa mstari wa maneno au sehemu ya melodia, ni mtunzi mwenzako, mpe jina. Kama kazi yake ni mdundo na kuchanganya sauti, mlipe kwa kazi hiyo, au mkubaliane sehemu yake kwa asilimia. Vyovyote iwavyo, iandikwe kabla hujaingia kurekodi, si baada. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, majina kamili, asilimia za kila mtu, tarehe, saini, na kila mmoja abaki na nakala yake. Kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukausajili kwa jina lako la kitambulisho, siyo hilo la jukwaani peke yake. Akikataa kusaini, tafuta studio nyingine, Mbagala zimejaa. Na usinitumie mashairi yenyewe kwenye simu, sitaki kuitwa shahidi.