Mgonjwa Gani Anapaka Wanja?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Kimara na ni karani kwenye ofisi moja Posta, mwaka wa tatu sasa. Nina selimundu, ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Mwezi uliopita nilipanda basi la mwendokasi Kimara Mwisho nikapata siti. Tulipofika Ubungo akaingia mama mmoja mtu mzima, akasimama mbele yangu. Siku hiyo miguu ilikuwa inavuta tangu alfajiri, nikabaki nimekaa. Akaanza: "Watoto wa siku hizi! Binti mzima kakaa, mama zake tumesimama." Abiria wakamuunga mkono. Nikasimama kwa aibu hadi Posta. Jioni nililazwa, siku tatu. Niliporudi kazini mwenzangu mmoja akasema, "Mgonjwa gani anapaka wanja?" Msimamizi wetu akacheka. Rafiki yangu ananishauri nivae kitambulisho kifuani kinachosema naumwa. Nimechoka kujieleza, Shangazi. Nifanyeje? — Niliyechoka, Kimara*

Marahaba mwanangu. Pole kwa siku tatu za kulazwa, na pole kwa safari nzima ya kutoka Ubungo hadi Posta umesimama na miguu ile. Ila kilichonikaa moyoni kwenye barua yako ni hilo neno la wanja. Mtu aliyezaliwa na ugonjwa, akingoja apone ndipo apake wanja, atapaka lini? Paka. Vaa na hereni.

Nitakuambia jambo ambalo si rahisi kulisema. Mimi niliwahi kuwa yule mama wa kwenye basi. Nilipokuwa nikiishi Temeke, nyumba ya pili palikuwa na kijana wa miaka kama 20 hivi. Mchana wa jua kali unamkuta kibarazani na jaketi, macho ya njano, anaitikia salamu kwa uvivu. Nikajisemea huyu ameshaharibika, ni gongo au bangi, na nikawakataza wanangu kukaa naye. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, kipupwe kimekolea, mama yake akanigongea nimsaidie kutafuta bajaji. Nilipoingia ndani nilimkuta yule kijana amejikunja kwenye godoro, ameuma pindo la khanga ya mama yake ili asipige kelele zikaamsha watoto. Khanga ilikuwa imelowa mate. Mama alikuwa anamkanda mapaja kwa kitambaa cha maji ya moto, mkono unatetemeka. "Ni selimundu," akaniambia, "tangu mdogo." Miaka miwili tulikuwa tumechota maji bomba moja na sikuwahi kumuuliza mwanawe ana nini.

Baadaye nikaelezwa yale ambayo wewe unayajua kuliko mimi, lakini ngoja niyaseme kwa ajili ya wengine wanaotusoma. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na selimundu ni za mviringo, laini, na huishi kama siku 120. Za mwenye selimundu hugeuka umbo la mundu, zikawa ngumu, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Zinapovunjika haraka hivyo, damu inapungua, mtu anachoka, macho yanakuwa ya njano. Zinapokwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo ndipo maumivu yanapompiga mtu mifupani. Baridi, kiu, uchovu na homa vyote vinaweza kuyaamsha. Kwa hiyo jaketi halikuwa ubishoo. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Sitashangaa kama ndani ya basi lile hukuwa peke yako.

Sasa yule mama. Simtetei, lakini naielewa asili ya maneno yake. Tumelelewa kumpisha mkubwa, na ni desturi nzuri, nisingependa ife. Kosa lake ni kwamba aliuliza umri wako kwa macho na akadhani ameshapata jibu lote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo siku nyingine, kabla hajaanza kusema, wewe mwanzie: "Shikamoo mama. Ningekupisha, ila naumwa miguu, siwezi kusimama." Basi. Usitaje selimundu, usitoe vidonge kwenye mkoba kuonyesha ushahidi. Wengi wakishaamkiwa hulainika, na mara nyingi kijana mwingine husikia akainuka. Akiendelea kufoka, mwache afoke. Aibu ya vituo vitano inapita, lakini kulazwa siku tatu umeshaona kulivyo. Wewe kaa.

Kazini ni tofauti, na hapo ndipo ningependa uweke nguvu zako. Abiria hukutani nao tena, lakini msimamizi ndiye anayeandika mahudhurio yako. Omba muda wa kuzungumza naye faragha, nenda na barua ya daktari wako wa kliniki, mweleze kwa ufupi: ugonjwa unaitwa hivi, unaweza kunishika ghafla, nahitaji kunywa maji mara kwa mara na kutokaa chini ya kiyoyozi. Umwambie pia kwamba kicheko kile kilikuumiza. Najua ni msimamizi, mwambie tu, kwa heshima.

Ujue na haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari. Kila unapolazwa au kupumzishwa, chukua cheti, toa nakala, hifadhi. Watu wengi wenye ugonjwa kama wako wanapoteza haki hii kwa sababu tu walipiga simu "naumwa bosi" na karatasi hawakuleta.

Kuhusu kitambulisho cha kifuani, London wanacho. Tangu 2017 mamlaka ya usafiri ya jiji hutoa beji ya kuomba kiti kwa watu ambao hali zao hazionekani, na abiria wanaijua maana yake. Kwetu ukijitengenezea mwenyewe, naona utaongeza maswali badala ya kuyapunguza: kuanzia Kimara hadi Kivukoni utakuwa unaulizwa umerogwa na nani na kama umejaribu mlonge. Siungi mkono. Lakini kadi ya kliniki isitoke kwenye mkoba, na nyuma yake andika dawa unazotumia, kundi lako la damu na namba ya mtu wa nyumbani. Siku ukianguka, hiyo ndiyo itakayokusemea.

Hujaniandikia kama huyo rafiki wa kitambulisho anafanya kazi karibu nawe. Kama ndiyo, mwombe mwende pamoja asubuhi, hasa mwezi wa sita na wa saba. Na ukishazungumza na msimamizi, niandikie tena uniambie alijibu nini.

Wako, Shangazi